Shimo la Nne Katika Sinia

Sogeeni, wanangu. Wa nyuma waje mbele, wa mbele wakunje miguu. Aliye na kitu mdomoni akimeze kwanza, na mlango urudisheni, maana upepo wa leo una masikio. Nyamazeni kidogo. Hadithi hii haipendi sauti kubwa. Hata mie nilipewa kwa kunong'onezwa, na aliyenipa alikuwa akigeuka nyuma kila baada ya maneno mawili.

Mchana mmoja, huko Wawi, Pemba, Mwatum binti Shaame aliinama kuondoa sinia mbele ya mumewe na mtoto wake, na mkono ukamganda hewani.

Nyumba yao ilikuwa ya watu watatu: Mwatum, mumewe Soud aliyekuwa fundi wa baiskeli, na mtoto wao Moza, miaka saba. Watu watatu hawana haja ya masinia mawili. Walikula pamoja, kila mmoja upande wake, na nyie mnajua mtu akila wali na wenzake huacha shimo mbele yake, kama kuku aliyeparua mchanga. Shimo la Soud lilikuwa pana, la mtu aliyeshinda na spana mkononi. La Mwatum dogo, la mama anayewapisha wengine. La Moza la ovyo, punje zimetapakaa hadi mkekani. Watu watatu, mashimo matatu.

Siku ile yalikuwa manne.

La nne lilikuwa kati ya la Mwatum na la Moza. Lilikuwa safi, halikuacha hata punje. Ila lilikuwa limeinama upande usio wake. Mtu akila kwa mkono wa kulia, shimo lake huelekea huku. Lile lilielekea kule. Lilikuwa limeliwa kwa mkono wa kushoto.

Mwatum akalisawazisha haraka kwa vidole, akabeba sinia kwenda uani.

"Wali wa leo haba," Soud akasema nyuma yake. "Mchele umekwisha?"

"Nimekosea kupima."

Hakukosea kupima. Alisimama uani, sinia mikononi, jua la saa sita likimchoma utosini, naye miguu baridi kama yuko kisimani. Alijua nani aliyekula. Alimkaribisha yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, siku tatu nyuma.

Ulikuwa mwaka wa sitini na moja, kipupwe. Uchaguzi ulikuwa umepita, lakini hasira hazijapita. Nyie hamkuziona zama zile. Watu waliacha kuzikana. Dukani kwa huyu, yule hanunui. Kilikuwapo kisima kimoja kina kamba mbili, ya chama hiki na ya chama kile, na maji ni yale yale. Mtu akila barazani na jirani akipita, mlaji anainamisha kichwa, anajifanya anatafuta mwiba wa samaki.

Mwatum aliona haya sana kwa mambo hayo. Baba yake, marehemu Mzee Shaame, alikuwa hatii tonge mdomoni mpaka atazame njia pande zote mbili, pengine yupo mtu apitaye na njaa. "Hata adui yangu," alikuwa akisema, "nitagombana naye tukishakula." Kwa hiyo Mwatum aliapa kwamba nyumba yake haitainamisha kichwa mbele ya mpita njia. Hicho ndicho kiapo kilichomponza.

Kipupwe hicho alimchukua Moza, wakapanda gari la mbao kutoka Chake, wakenda Mgogoni kwa shangazi yake, Bi Mwanawema, kula mpunga mpya. Huko kuna bonde, na katika bonde mto. Si mto mkubwa. Pengine mtu mzima huuruka. Lakini hauna kiangazi, na kando yake vimejipanga vijiji vitatu, cha juu, cha kati na cha chini. Ndugu wote wa mbali wakati wa mavuno huja kutembea, kijiji baada ya kijiji, na kila nyumba hutaka sifa ya kushibisha kuliko nyingine.

Basi walikula, wanangu! Kijiji cha juu waliwapa pepeta, mpunga mchanga uliokaangwa ukatwangwa, umechanganywa na nazi ya kukuna na sukari. Kijiji cha kati waliwapikia kamba wa mtoni kwa nazi na ndimu, wadogo kama kidole cha mtoto, ukiwala unawala na gamba lake. Walipelekwa kwenye mchezo wa ng'ombe, fahali amefungwa kamba, vijana wakimchezea kwa kanga, zumari linalia, wanawake wanaimba. Moza akapandishwa dunguni, kwenye kichanja cha kulindia mpunga, akafundishwa kelele za kufukuzia ndege. Bi Mwanawema akamwanzishia mkeka mdogo wa ukindu, mistari mitatu, amalizie mwenyewe kwao.

Jaribu, mtoto wa Bi Mwanawema, binamu yake Mwatum, hakuacha utani hata dakika.

"Binamu, kwani Wawi mnakula nini? Unaukazia macho wali kama utakimbia."

"Tunakula watu wa Mgogoni. Wembamba, lakini kwa kuwa ni wengi tunashiba."

"Mama, msikie! Mficheni Moza, huyu atamla mwenyewe."

Walicheka. Bi Mwanawema naye alicheka, na baadaye, alipouelewa uzito wa neno lile, alimpiga Jaribu kofi la mgongo, mtu mzima mwenye ndevu.

Siku ya tatu, kijiji cha chini, walikula kondeni kwenyewe, ukingoni mwa mto, saa sita ya mchana. Wali mpya, mchuzi wa changu, kachumbari ya pilipili. Bi Mwanawema akatandika mkeka akawapanga wote wakae mgongo mtoni.

"Hivi, Mwatum mwanangu. Tunaupa mgongo. Na tule kimya, chakula cha kondeni hakina mazungumzo."

Mwatum aliona ajabu, lakini mgeni hafundishi mwenyeji kukaa. Akakaa. Ila alikaa pembeni kidogo, kwa ajili ya Moza, na kwa ukingo wa jicho aliuona mto.

Ndipo akamwona mwanamke anapita ng'ambo. Mtu wa makamo, kanga kuukuu zimefifia rangi, kichwani fungu la masuke ya mpunga. Hakuwa na la ajabu hata moja. Alikuwa akienda polepole, na alipofika usawa wao akapunguza mwendo, kama mtu yeyote anayesikia harufu ya chakula na hakula.

Mwatum akawatazama wenyeji wake. Bi Mwanawema kichwa chini. Jaribu, mcheshi yule, kichwa chini, anatafuta mwiba kwenye mnofu usio na mwiba. Moyo wa Mwatum ukashuka. Akasema ndani ya nafsi yake, hata huku? Hata kwa shangazi yangu siasa imefika, mwanamke wa kijijini mwao anapita na njaa wasimwone?

Akainua kichwa, akaita kwa sauti ya kusikika:

"Bibi! Karibu chakula. Karibu tule."

Mkono wa Jaribu ukasimama na tonge.

Nyie mnajua mpita njia hujibu nini. Husema starehe, au nimeshakula, ahsante, akaenda zake. Mwanamke yule alisimama. Aligeuka mwili mzima.

"Kumbe mnaniona," akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu aliyefurahi. "Miaka yote napita hapa. Leo nimekaribishwa."

Akavuka. Maji hayakutoa mlio. Akaweka fungu lake chini, akajipenyeza kati ya Mwatum na Moza, akanyoosha mkono wa kushoto katika sinia, akala. Na harufu ikaja naye, si mbaya, harufu ya mpunga uliolowa ukafungiwa ndani siku nyingi. Ndege waliokuwa wakipigiwa kelele tangu asubuhi walikuwa wamenyamaza wenyewe. Kilichosikika ni yeye tu analamba vidole, kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayehesabu siku alizokaa na njaa.

Alipomaliza alimtazama Moza. "Upande wako ndio mtamu," akamwambia. Akainuka, akatwika fungu lake, akafuata njia. Hakurudi ng'ambo. Alifuata njia iendayo barabarani.

Alipopotea, Bi Mwanawema akamgeukia mgeni wake.

"Umefanya nini, Mwatum mwanangu? Umefanya nini?"

"Nimemkaribisha mtu, shangazi."

"Saa sita juu ya mto huu mtu hapiti. Apitaye si mtu. Siye tunampa mgongo, naye anatuachia chakula chetu. Hatumtukani, hatumkaribishi. Ndivyo tulivyokaa naye."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie vipi, naye yuko njiani anasikia? Nilikwambia ukae mgongo ule kimya, nikadhani umefahamu!"

Mwatum akaanza kulia. "Mie nilidhani ni siasa."

"Siasa!" Bi Mwanawema akapiga kofi paja lake. "Mto huu umemkuta babu wa babu yangu, mwanangu. Mto hauna chama."

Akamfunga Moza kanga kiunoni, akamshika Mwatum mabega. "Rudi kwako leo hii. Na mpaka mwezi uandame usimkaribishe mtu yeyote kwenye chakula chako. Hata mie nikija, niache mlangoni. Asilisikie neno lile kinywani mwako mara ya pili. Pengine atachoka."

Mwatum akarudi Wawi. Siku mbili hakuona kitu, akaanza kupumua. Siku ya tatu ndiyo ile ya shimo la nne.

Kutoka hapo halikukosa. Kila mchana liko, kati ya lake na la Moza, na kila siku limesogea upande wa Moza kidogo, leo kwa upana wa kidole, kesho viwili. Mwatum akawa anapika zaidi. Akipika kibaba zaidi, kibaba kinaliwa. Akipika viwili, viwili vinaliwa. Na Moza, aliyekuwa na mashavu ya kubinywa, akaanza kutoka mifupa ya mabega.

"Kula, mwanangu."

"Nakula, mama. Nimekula. Lakini tumbo halijui."

Neno hilo la mtoto lilimkata Mwatum kuliko kisu. Naye hakuthubutu kumwambia Soud, kwa sababu angeulizwa nani kamleta.

Siku moja walikuwa wanakula mlango wazi, akapita jirani yao Tatu, mwenzake wa kuazimana chumvi tangu wote ni wanawali. Tatu akasimama mlangoni, akangoja. Mwatum akainamisha kichwa. Tatu akakohoa. Mwatum akatafuta mwiba wa samaki, na mchuzi wenyewe ulikuwa wa kunde.

"Haya," Tatu akasema polepole. "Kumbe na nyumba ya Mzee Shaame imeingia chama."

Akaondoka. Soud akatupa tonge. "Una wazimu? Tatu huyu? Tatu aliyekuzalisha?"

Hapo ndipo Mwatum alipomweleza yote. Soud hakuamini. Alikuwa mtu wa minyororo na magurudumu, kitu akikiona kinazunguka anataka kujua kinazungushwa na nini. Kesho yake akasema kila mtu ale sahani yake. Sahani tatu za bati, moja mbele ya kila mmoja, yeye akaiweka ya Moza mbali na watu wote, katikati ya mkeka. Mchana mweupe, madirisha wazi, kuku wanapiga kelele uani.

Wakasema bismillahi, Moza akatia mkono akala tonge la kwanza, na la pili, na Soud macho hayabanduki kwenye sahani ile, akaona ukingo wa wali upande usio na mtu unashuka, taratibu, kama mchanga unavyoshuka juu ya tundu la kaa, ukawa shimo, shimo likazama, likainama upande usio wake, harufu ya mpunga uliolowa ikajaa chumba mpaka kuku uani wakanyamaza mmoja baada ya mmoja, na hapo karibu na sikio la mtoto, mahali ambapo hapana kitu, kukaanza mlio mdogo wa vidole vinavyolambwa, kimoja, kimoja, kimoja, naye Moza hakushtuka, akaendelea kula kama mtu aliyekwisha kuzoea jirani yake.

Soud alitoka nje akatapika.

Walihangaika, wanangu. Moza akapelekwa kwa daktari, akapewa dawa ya minyoo, hakutoka mnyoo hata mmoja. Wakasomesha Kurani, wakafukiza ubani. Moshi ulikaa mpaka saa sita, kisha harufu ile ikaupanda juu kama blanketi. Wakampa mtoto chakula asubuhi, chini ya kitanda, kwa siri; mchana shimo likawa kubwa mara mbili. Hata baiskeli za watu zilikaa bila kutengenezwa. Mwisho Soud akapanda ya kwake akenda Shumba, akarudi na fundi wa majini aliyeitwa Mabruki, mfupi, mnene, anacheka kwa pua, jina lake linajulikana Pemba nzima.

Mabruki hakufungua mkoba. "Nipikieni kwanza," akasema.

Akala nao. Watu wanne, mashimo matano. Akalitazama la tano kwa muda mrefu, akaacha kucheka.

"Huyu si pepo wa kichwani," akanong'ona. "Pepo anapungwa, anasema anataka nini, anapewa, anatulia. Huyu hakujipenyeza kwa mtu. Bismillahi yenu haimzuii, kwa kuwa ameitwa. Huyu ni mgeni."

"Basi mgeni anaondokaje?" Mwatum akauliza.

"Hamuujui msemo? Mgeni siku mbili?"

"Ya tatu mpe jembe," Soud akajibu.

"Basi. Siku ngapi sasa?"

"Kumi na moja."

"Kumi na moja, na hamjampa jembe! Majini hawapendi chuma, na kazi hawaipendi zaidi. Mpeni. Atasutika mwenyewe. Ila aseme aliyemkaribisha, sauti ile ile."

Saa sita ya kesho yake wakaweka jembe jipya kwenye mkeka, kati ya Mwatum na Moza. Wakala. Mlio wa vidole ulipoanza, Mwatum akaweka tonge chini. Sauti yake ilitoka kama uzi.

"Bibi. Nimekukaribisha mie, na mie ndiye nisemaye. Umekula kwetu siku kumi na mbili. Siye watu wa kazi. Anayekula hapa hulima. Jembe hili. Kama hulitaki, njia unaijua."

Mlio ukakatika. Kisha harufu ikaanza kupungua, ikapungua, na uani jogoo akawika. Alasiri walipotazama, jembe halipo.

"Amesutika!" Mabruki akapiga makofi. "Amelichukua ili asionekane ameshindwa, akaenda kulitupa mtoni kwao." Akapewa kuku wawili weusi, akaenda zake Shumba akiimba.

Siku nne, wanangu, nyumba ile ilikuwa peponi. Mashimo matatu. Moza alikula akalala, akaamka akaomba tena. Alianza mstari wa nne wa mkeka wake. Soud alikuwa akipiga kengele za baiskeli za watu bila sababu. Na siku ya tano, inakaribia saa sita, wali umeshapakuliwa, Tatu akaja, uso umelegea.

"Nimekuja kumaliza, Mwatum. Hasira si zangu wala zako. Tumeingiliwa tu na dunia hii."

Wakashikana mikono, wakalia, wakacheka. Tatu akajifuta macho kwa kanga.

"Na yule mnamlipa nini? Niambie, nami nimtake."

"Yupi?"

"Mwanamke wenu, anayelima konde la muhogo. Hodari yule! Siku ya nne leo namwona. Hapumziki hata saa sita."

Mwatum akamwacha pale pale. Alipita mlango wa nyuma, akapita kisimani, kila hatua akijiambia kwamba Tatu ameona konde la watu wengine, kwamba macho ya Tatu si mazuri tangu zamani, kwamba harufu inayomjia ni ya mvua, na hapakuwa na wingu, mpaka akafika kwenye konde lao ambalo wiki iliyopita lilikuwa magugu matupu, akalikuta limelimwa kutoka ukingo hadi ukingo, matuta yamenyooka kama yamepimwa kwa kamba, vijiti vya muhogo vimeshapandwa, na kila tuta udongo wake umetupwa upande wa kushoto. Mwisho wa konde, jembe limesimamishwa wima, linang'aa.

Akakimbia. Nyumbani Moza alikuwa amekaa mkekani, sinia mbele yake limefunikwa kawa, anangoja wazazi wake kwa adabu. Mwatum akaifunua kawa. Shimo lilikuwapo tayari. Lilikuwa pana kama la Soud, la mtu aliyetoka kazini.

Mabruki aliitwa tena. Safari hii hakuvuka kizingiti. Alisimama njiani, kofia mkononi.

"Nilimpa njia ya kutokea," akasema, "akaifanya ya kuingilia. Anayekula bila kulima ni mgeni. Akilima ni wa nyumba. Mie namtoa jini kwa watu. Siwezi kumtoa mtu kwake."

"Fundi, mtoto wangu anakwisha."

"Mtoe mtoto."

"Atamfuata!"

Mabruki akatazama chini. "Hatamfuata, akiwa ana wa kula naye."

Soud akasema haraka, "Nitabaki mie. Mimi nitakula naye."

"Hukumkaribisha wewe," Mabruki akamjibu, na hakuitaka hata nauli.

Wakaamua Moza aende Unguja kwa dada yake Soud, na Soud amfuate huko afungue kibanda chake cha baiskeli, awe karibu na mtoto. Asubuhi ya kuondoka Mwatum alimsuka Moza nywele polepole sana, akafumua akasuka tena, akafumua.

"Mama, na wewe utakuja lini?"

"Nikimaliza kazi."

"Na mchana utakula na nani?"

Mwatum akafunga msuko wa mwisho.

"Sitakosa mtu, mwanangu."

Gari lilipoondoka hakwenda kupunga mkono. Ilikuwa inakaribia saa sita, na alikuwa na wali jikoni.

Aliishi hivyo miaka ishirini na mbili. Mapinduzi yalikuja yakampita, njaa ikaja ikampita. Konde lake halikukosa muhogo hata mwaka mmoja. Soud alikuwa akija kumwona, akilala siku mbili, na saa tano ya mchana anachukua kofia yake anatoka. Moza hakuruhusiwa kufika hata alipoolewa. Tatu peke yake ndiye aliyekuwa akipita kila siku, anasimama nje, hakaribishwi, anazungumza naye kupitia dirishani. Tatu ndiye aliyenambia kwamba miaka ya mwanzo Mwatum alikuwa akila akilia. Miaka ya mwisho alikuwa akizungumza. "Kula, mwenzangu, wa leo una nazi nyingi." Tatu alimuuliza mara moja, unamzungumzisha vipi mtu aliyekuharibia? Mwatum akafikiri, akasema, "Nitafanyaje, Tatu? Naye hana mwengine."

Alikufa masika, kwa homa, kitandani mwake, saa za asubuhi.

Baada ya hitma, Shehe Nassor akakaa na warithi barazani kugawa. Hesabu haikuwa ngumu. Moza nusu, Soud robo, na robo iliyobaki kaka wa marehemu, Bakar. Wakakubaliana kwa wema: Moza akachukua nyumba, na Soud akamwachia Moza fungu lake humo humo. Dhahabu chache, herini na kipini, Moza akapewa pia, juu ya haki, hakuna aliyesema neno. Tatu akapewa kanga na kitanda, kwa wasia. Bakar akachukua konde la muhogo.

Ila kondeni, upande wa mwisho, kuna minazi ishirini na miwili. Imepangwa mstari mmoja, inazaa. Na nyie mnajua sharia yetu ya hapa: ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe, mti ni wa aliyeupanda. Shehe Nassor akauliza, kalamu mkononi, minazi ile aliipanda nani? Soud akasema si yeye. Bakar akasema si yeye. Tatu akasema Mwatum hakupata kupanda mnazi maisha yake, mgongo haukumruhusu. Shehe akangoja. Kisha akaifunga kalamu yake.

Minazi haikugawiwa. Bakar analima mpaka inapoanzia, anakomea hapo, na wanawe baada yake wanakomea hapo. Hakuna mkwezi aliyekubali kuikwea. Lakini nazi zake zikikomaa hazionekani juu, na chini hazijaonekana kuanguka hata moja.